Pamba ya Mukono wa Mukubwa

Tarehe tatu mwezi wa tisa 2002, njo siku kila kitu kiliharibika. Asubuhi muke wangu alikufa akizaa Exaucée, mutoto wa mimba ya miezi saba. Mikono ya yule mutoto ilikuwa inarukaruka sawa miguu ya panzi.

"Damu yake imekosa kalisiyumu, papa," mama muuguzi akaniambia. "Tukimudunga polepole kwa mushipa, atatulia. Lakini ampule, kichupa cha dawa cha mwisho, wamepelekea mukubwa wa vita."

Nikakimbia mpaka kwa ule mukubwa, mutaa wa Kasuku. Alikaa kwenye kiti cha fotei, tumbo mbele, pamba kidogo imebandikwa kwenye mukono wake. Ampule ilikuwa mezani, shingo imevunjwa, kando ya mifupa ya kuku.

"Uko na shida gani, papa?"

"Ile dawa ilikuwa ya mutoto wangu."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Na mimi je? Tangu jana mwili umelegea. Kalisiyumu inapasha moto vizuri, weye!"

Exaucée hakufikia kesho yake. Leo ule mukubwa njo muheshimiwa wa bunge. Anapita na gari ya jeep, anatupungia mukono uleule. Kila akipita namuuliza kwa sauti, naye anapandisha kioo: muheshimiwa, ule uchovu wako, ulipona?