Kicheche na Paipu za Chuma

Breki ilizama mpaka chini, na gari la Volkmar Häfele likaserereka taratibu hadi kwenye mapipa ya taka ya jirani, likaegemea hapo. Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo baba mkwe wake, mzee Gottlob, koti kalifunga mpaka kidevuni, sanduku mapajani.

"Basi leo tena hatufiki," mzee alisema kwa upole. Akafungua mlango, akarudi zake ndani.

Irmtraud, mke wa Volkmar, alitoka mbio na aproni yake. Kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba cha baba yake kilikuwa kimeshikwa mpaka Ijumaa tu. Ijumaa ikipita, anapewa mwingine. Na mzee alishaacha jiko likiwaka, tena si mara moja. Siku pazia liliposhika moto, Irmtraud alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakupenda kumtoa baba yake nyumbani, lakini kumzika mapema hakutaka pia.

Mzee mwenyewe alipoambiwa alisema neno moja tu: "Mimi nikakae na wazee, niwafanye nini?" Hakurudia tena. Kwa mbishi kama yule, kimya kile wakakiona ni ridhaa, wakamshukuru Mungu.

Fundi Wurster aliinua gari, akachungulia, akacheka.

"Kicheche huyo."

"Una hakika?" Volkmar aliuliza. "Yule jirani yangu simwamini. Ana visu vingi."

"Kisu kinakata, bwana. Hapa paipu ya breki imetafunwa. Si unaona alama za meno?"

Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, jambo hilo halimshtui mtu. Vicheche hutafuna paipu za mpira za magari usiku kucha, na kila mwanamume ana dawa yake anayoiapia. Volkmar alishajaribu zote. Aliweka kidonge cha kunukishia choo ndani ya boneti, akaning'iniza soksi iliyojaa manyoya ya mbwa, akatandika wavu wa kuku chini ya gari. Hata matusi alishamporomoshea mnyama yule kupitia dirishani, majirani wakisikia. Mwisho aliamini kabisa kwamba kicheche anamjua kwa jina na ana chuki naye binafsi.

"Safari hii naweka chuma," alisema. "Tuone nani mwanamume."

Siku ya kuchagua paipu mpya za breki, mzee Gottlob aliomba waende pamoja. Fundi alizitandaza paipu mezani. Kulikuwa na ya mpira mtupu, na ya mpira iliyozungushiwa plastiki. Halafu kulikuwa na ile yenyewe: ndani plastiki ngumu ya teflon, nje nyaya za chuma kisichoshika kutu zilizosukwa zikabana kama ukili, vichwa vyake navyo vya chuma hichohicho. Mwisho kabisa ilikuwapo nyingine kama hiyo, ila imevishwa ganda jembamba la plastiki inayoonyesha ndani. Zote zina cheti cha wakaguzi wa magari.

Mzee alizishika moja moja. Alizikunja, akazibonyeza kwa kidole gumba, moja akainusa.

"Mpira unatosha," alisema. "Mkwe wangu, usiteketeze hela kwa mkweche kama huu."

"Nafanya kwa ajili yako, Baba. Nataka ufike salama."

"Naona," mzee alijibu. Akamgeukia fundi. "Na huyo kiumbe je? Akiing'ata hii akavunjika jino?"

"Shauri yake, mzee. Kwani sisi ndio tuliomtuma?"

"Kiumbe wa Mungu yule. Pengine naye ana sababu zake."

Fundi alimnong'oneza Volkmar kwamba mkwewe ana roho nzuri, siku hizi wazee wa namna hiyo hawapatikani. Volkmar hakusikiliza. Alikuwa kashika paipu mbili za chuma, moja kila mkono, jasho linamtoka kama mtu anayechagua mchumba.

"Chukua yenye ganda," fundi alimshauri. "Iliyo wazi inakusanya mchanga kwenye nyaya."

"Ikusanye tu. Nataka aonje chuma chenyewe."

Basi zikafungwa zile za wazi. Fundi alikata usukani kulia mpaka mwisho, akakata kushoto mpaka mwisho, akahakikisha paipu hazivutiki wala hazigusi tairi. Volkmar alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Ijumaa asubuhi aliingia garini kwa woga, akakanyaga breki. Ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena, na tena, kwa raha tu sasa. Kicheche kashindwa. Volkmar alicheka peke yake mle ndani mpaka machozi yakamlengalenga.

Mzee Gottlob alichelewa kushuka. Alitoka na koti lake na sanduku lake, skafu kajizungushia mpaka puani.

"Baba, mbona hukugusa mkate?" Irmtraud alimuuliza.

Mzee alitikisa kichwa. Irmtraud alijua ni uchungu, na uchungu ule ukamhamia yeye. Alimshika baba yake mkono, akageuza uso upande wa ua ili asimwone analia.

Volkmar aliona awaachie nafasi waagane. Alichuchumaa mbele ya gari, akachungulia nyuma ya tairi ili aitazame kazi yake. Paipu ilikuwa nzima, inang'aa. Katikati yake, meno ya bandia ya juu, safu nzima, yalikuwa yamenasa kwenye nyaya, yameing'ang'ania.

"Mkwe, thamahani," sauti ilisema juu ya kichwa chake. "Yachomoe taratibu. Kama thafari ipo, nitayahitaji huko."