Kadi ya Tunu

Bi Mwanahija alitoa kadi ya uanachama ya binti yake, akaomba asafishwe uso yeye.

“Tunu mwenyewe yuko wapi? Mwezi huu hajaja kabisa,” aliuliza dada wa saluni.

“Amesafiri,” akajibu, akajilaza.

Dada alimpaka krimu, akamkanda paji, mashavu, kidevu. Alipofika nyuma ya masikio akacheka. “Hapa Tunu hutekenyeka huyo! Hucheka mpaka kitanda kikatikisika.”

Siku tisa zilizopita Bi Mwanahija alimwosha mwanawe josho la mwisho kwa mikono yake. Nyuma ya masikio alipapitisha maji ya karafuu maiti, mara tatu, na Tunu asicheke.

“Hapo hapo, mwanangu,” alisema, macho kayafumba. “Usitoe mkono kwanza.”