Mdakaji wa Dewey Haugen

Mpira wa kwanza ulikwenda kombo, na banda zima likapiga makofi.

Aliyejua ni mmoja tu, Lonnie Vasek, kwa sababu ndiye aliyeudaka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibao kinacholengwa na mrushaji, kinga usoni, glavu mbele. Mpira ulipopotea njia, mkono wake ulikwishafika huko kuungoja, ukaupokea kwa upole na kurudi nao katikati, kama mama anayemrudisha mtoto kitandani bila kumwamsha. Wadakaji wote wa besiboli huujaribu ujanja huo, ili mpira mbaya uonekane umepiga shabaha. Lonnie alizaliwa nao.

Theluji ya Januari ilikuwa imefika magotini, kwa hiyo majaribio yalifanyiwa ndani ya banda la mnada wa ng'ombe. Nusu ya mji ilijazana kwenye viti vya wanunuzi, kahawa mkononi, mikate midogo ya plamu mapajani, umbea mdomoni. Kwamba timu ya jiji imekwama, hilo hakuna asiyelijua. Warushaji wake wa kuanza mechi walikuwa wamekwisha kama mishumaa: huyu bega, yule mgongo, mwingine kakatwa kidole na kopo la samaki. Sasa walitaka mtu wa kuaminika, ambaye zamu yake ikifika anapanda kwenye kichuguu cha kurushia na kuimaliza kazi bila kuitiwa daktari. Ndiyo maana walimtuma mzee Purcell aje kumtazama Dewey Haugen na kiwiko chake kilichoshonwa.

Ahadi ya Dewey nayo ilijulikana mpaka kwa kinyozi. Warushaji wengine huwa na mdakaji wao, hawachezi bila yeye. Dewey alikuwa ameapa mbele za watu kwamba hatashika kalamu ya mtu kutia saini mkataba kama Lonnie hayumo.

Na Lonnie aliihitaji ahadi hiyo. Timu yake ilimwacha tangu vuli, na simu ya nyumbani haikulia tena. Shemeji yake alishamshonea shati la duka la matairi, jina kifuani, akamwambia mambo yakiharibika aje Jumatatu. Mkewe alilitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Lonnie alikuwa akipita hapo anatazama sakafu.

Walipoanza mazoezi, Lonnie aliona upesi kwamba kasi ya Dewey imerudi, shabaha haikurudi. Hakumwambia. Alimwona mwenzake anavyokibeba kiwiko kile kama yai, akajua kwamba Dewey akishuhudia mipira yake inavyotawanyika hatainua mkono tena. Basi akatafuta njia. Dewey akinyanyua mguu ili arushe, hutazama chini. Ni mazoea yake ya tangu ujana. Hapo hapo Lonnie alilisoma bega lake, akajua mpira utapotelea upande gani, akaihamisha glavu. Dewey akiinua macho, anaikuta glavu, na mpira unaingia humo humo. Kidogo kilichobaki Lonnie alikimalizia kwa kiganja. Majira yote ya baridi walikwenda hivyo, na Dewey akaanza tena kutembea kifua mbele.

"Mwingine," alisema Purcell.

Dewey akarusha. Akarusha tena. Magoti ya Lonnie yaliwaka moto, jasho likamwingia machoni, glavu ikawa inakwenda na kurudi bila mtu kuiona. Nyuma ya wavu Purcell alikitazama kidude chake cha kupimia kasi, akaitazama glavu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkubali.

"We Lonnie, umelala?" sauti ikatoka viti vya juu. "Mbona husogei? Au suruali imechanika?"

Watu wakaangua kicheko. Lonnie naye alicheka ndani ya kinga yake. Katika miaka yote ya kuchuchumaa kwake, hakuwahi kupewa sifa tamu kama hiyo.

Mpira wa mwisho ulikuwa mbaya kuliko yote. Aliunasa chini, karibu na vumbi, akaupandisha pole pole, na maumivu yakamshika toka kidoleni mpaka begani. Makofi yalitikisa mabati.

Purcell alimfuata Lonnie, akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo lolote kuhusu Dewey ambalo mtu asiyemdaka hawezi kuliona. Lonnie alipangusa vumbi kwenye glavu.

"Hakuna, mzee," akajibu. "Anapiga pale anapotaka."

Purcell alimkazia macho kidogo, akamshukuru, akaingia na Dewey katika ofisi ya mnada. Mlango ukafungwa.

Nje ya mlango ule mji ulikwishaamua. Huyu alimpiga Lonnie mgongoni, yule akaomba tiketi, na mama wa mgahawa akawa anamshauri mkewe mitaa ya jiji ambayo asithubutu kupanga. Watu walimwambia avue kinga za miguu apumzike. Lonnie alikataa, huenda Purcell angetaka kumwona yeye naye.

Dewey alitoka na kofia mpya ya timu kichwani, banda likalipuka. Alipita katikati ya watu bila kumpa mtu mkono, akamkumbatia Lonnie kwa muda mrefu, macho yamelowa.

"Wamenichukua, ndugu yangu. Miaka miwili."

"Na mimi?"

Dewey akajikuna shingo.

"Waliniuliza kama nakuhitaji," alisema. "Nimefikiri sana, haki ya Mungu. Lakini ningewaambia nini, Lonnie? Leo umejionea mwenyewe. Kwa shabaha niliyonayo sasa, hata wakiniwekea ndoo, mpira utaingia."