Mwezi Kwenye Bango

Kitambaa kilipovutwa bangoni, ukumbi wa Ujiji ulilipuka kwa vigelegele. Mashabiki, taa zimewaka vichwani mchana kweupe, walimshangilia Bi Karabai, mvuvi wa dagaa wa katuni yao, aliyechorwa akiinua wavu ziwani.

"Mfululizo mpya!" alitangaza mchapishaji. "Na mkono ni uleule, wa mwana wenu wa hapahapa!"

Ikram alikuwa ameshapiga makofi mawili alipouona mwezi. Ulikuwa mpevu, mweupe kama sahani, juu ya karabai za mtumbwi.

"Samahani, kaka," alimwita mchoraji pale jukwaani. "Nani anavua dagaa mwezi ukiwa mpevu, wakati hawafuati taa? Si wote wanakaa nyumbani kushona nyavu? Baba yako mwenyewe alikuwa mvuvi."

Mchoraji alimtazama mchapishaji, akatabasamu.

"Umechora wewe?" Ikram aliuliza.

Miaka yote vidole vya mchoraji havikukosa wino. Leo vilikuwa safi, hadi kwenye kucha. Akavitia mfukoni taratibu.

Ikram akazima taa yake ya kichwani. Nyuma yake akasikia swichi nyingine ikilia ta, kisha nyingine, kisha safu nzima.