Kidole Hakijasoma

Binti wa kaunta, katika duka la kampuni ya simu, alimweleza Mwanahawa kwa sauti ya msibani: laini tatu za simu zimesajiliwa kwa jina lake, na kuna mtu anazitumia kukopa pesa.

Mwanahawa akatikisa kichwa. "Nilisajili moja tu, kwa wakala wa pale sokoni. Akasema kidole hakijasoma, nirudie. Nikarudia weee!"

"Ndipo alipokuibia, mama. Kila ukirudia, anasajili nyingine. Tuzifunge sasa hivi."

Akamsogezea kimashine cha kusoma alama za vidole. Mwanahawa alipangusa kidole gumba kwenye kanga, akakibonyeza juu yake.

Binti akakunja uso.

"Hakijasoma, mama. Rudia."

Mwanahawa alikificha kidole ndani ya ngumi. Kitaa chekundu cha kimashine kiliendelea kuwaka, kikimngoja.