Mwanafunzi Mwenye Mvi

Jirani muuza mkaa anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa akipita chini ya dirisha la karakana ya mashati, gunia kichwani, akamwona Shangazi ameinua sindano. Ghafla ukaingia upepo, siku ambayo hata jani halikutikisika, na sindano ikaanguka. Tangu saa ile, anasema, mkono wa Shangazi umekufa. Hakuna aliyemuuliza mtu mwenye gunia kichwani aliwezaje kuona hadi dirisha la juu. Watu waliguna tu, wakasema ni kijicho.

Mpwa wake Shangazi hakuamini habari za upepo. Shangazi ndiye aliyemlea tangu angali wa kubebwa mgongoni, akamfundisha kazi, na sasa walikuwa wakishona karakana moja. Upepo hakuuona, ila mkono aliuona. Yule ambaye wenzake walimwita Cherehani, kwa jinsi matundu yake ya vifungo yalivyotoka sawasawa kama yamepigwa na mashine, sasa alishona kama mtu anayepalilia gizani. Tundu moja lapanda, jingine lashuka. Uzi unakatika, anaunga, unakatika tena.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Basi twende hospitali ukatazamwe."

"Shona, mwanangu. Nyapara anatuangalia."

Balaa hilo lilianguka mwezi uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza kima cha chini cha mshahara kwa washonaji. Fundi asilipwe chini ya kiwango. Mwanafunzi, kwa kuwa bado anajifunza, alipwe nusu yake. Siku ile wanawake walipiga vigelegele. Mmoja alikwenda moja kwa moja dukani kuwachagulia watoto wake viatu, akamwambia mwenye duka amwekee, atarudi.

Tajiri mwenye karakana hakubisha. Alianza tu kuwaita mafundi ofisini, mmoja mmoja, kila mwisho wa wiki, na aliyeitwa hakuonekana tena. Yule wa viatu alikuwa wa kwanza. Kwenye stuli zao walikalishwa wasichana wasiojua hata kutunga uzi.

Kila mtu alitazamia Shangazi aitwe mapema, na mkono wake ule. Hakuitwa. Nyapara, mtu ambaye hajawahi kumhurumia hata paka, alimhamishia benchi la wanafunzi.

"Shangazi, soma kwa bidii," wenzake walimtania. "Mwakani tukuone darasa la pili."

"Mkinichokoza nitawasemea kwa mwalimu," alijibu, akacheka nao.

Nyumbani hawakucheka sana. Nusu mshahara wa Shangazi uliishia kwenye kodi ya chumba. Chakula chao, na cha mtoto wa mpwa aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, kilitoka kwenye mkono wa mpwa.

Kisha akaja afisa wa kazi, Mzungu mwembamba mwenye miwani, pamoja na mkalimani wake. Kazi yake ilikuwa kukagua mikono: akimkuta fundi analipwa ya mwanafunzi, tajiri atakiona. Kila mshonaji alipewa kipande cha kitambaa atoboe na kushona tundu moja mbele yake.

Mpwa alishona kwa roho yake yote. Alitaka Mzungu yule aone wanacholipiwa ni nini. Afisa aliligeuza tundu huku na huku, akasema neno.

"Fundi hasa," alitafsiri mkalimani, na mpwa akajiona amerefuka.

Ikafika zamu ya Shangazi. Sindano ilimchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kitambaa. Tundu lilitoka limepinda mdomo kama mtu aliyeonja shubiri.

"Huyu bibi ameanza lini?" aliuliza mkalimani.

"Juzijuzi tu," nyapara alidakia. "Tunamstahi kwa umri wake."

Afisa alimtazama Shangazi kwa huruma, akapita. Mpwa aliinamia shati lake ili asionekane analia. Moyoni alimshukuru nyapara kwa uongo ule.

Wiki ilipoisha, aliitwa yeye.

"Jumatatu usije," alisema nyapara.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Nafasi zilizobaki ni za wanafunzi."

"Basi nilipe ya mwanafunzi."

"Afisa ameshauona mkono wako."

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya pili, akaenda na ya tatu. Kote walimpa kitambaa ajaribu, wakatazama tundu, wakatazamana. "Mkono mzuri, dada," walimwambia. "Ila kazi hatuna."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linazama. Shangazi ameketi kizingitini, ameipa njia mgongo, anashona shati la mtoto. Hakusikia hatua. Sindano ilikuwa inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, haigusi kidole, haikosi mahali. Matundu yalikuwa yamejipanga kifuani mwa shati, sawasawa, kama yamepigwa na mashine.

Mpwa alisimama pale pale. Shangazi akageuka, akauona uso wake, akajua ameitwa. Hakuuficha mkono. Alisogea kidogo tu, akampa nafasi ya kukaa, akaendelea kushona.

Mpwa alikaa. Akaokota kipande cha kitambaa kikuukuu, akatunga uzi. Akajaribu kuisukuma sindano kando, lakini vidole vilikataa, vikafuata njia yao ya siku zote. Akafumua. Akajaribu tena. Tundu la pili likatoka zuri kuliko la kwanza.

"Shangazi," alisema, "nifundishe kukosea."