Stika za Kicheche

Paliondokea Kicheche mwenye ukumbi wa kuuzia picha, mjanja hadi ncha ya mkia. Siku ya kufungua maonyesho ya Kinyonga, alibandika kando ya kila picha stika nyekundu, alama ya kwamba imeshauzwa.

"Wateja hupenda kinachogombewa," akamnong'oneza msanii.

Tembo akaingia, akazitazama zote, akashusha pumzi. "Jamani! Nilizitaka zote. Kumbe nimechelewa."

Alipogeukia mlango, Kicheche akamrukia mbele. "Mzee, subiri! Stika nimebandika mwenyewe. Hajanunua mtu hata moja!"

Tembo akazitazama tena, sasa kwa jicho la mashaka.

"Hata moja?" akauliza, akaenda zake.

Kinyonga akabandua stika moja, akamziba nayo Kicheche mdomo.

"Ikae hapo mpaka wageni waishe."